Unga wa kukolezea kutokana na mabaki ya mboga: ukaushe kwa jua, kikaushio, oveni au mashine?

Maganda ya karoti, majani ya selari, sehemu za kijani za liki, mashina ya uyoga na maganda ya nyanya iliyomenywa kwa maji moto yakikaushwa na kusagwa hutoa unga mzuri wa kukolezea mchuzi, supu, maharage na wali. Kusaga ni kazi ya dakika tano. Kinachoamua kama chupa itadumu miezi sita au itaota ukungu wiki ya pili ni ukaushaji, na njia inayomfaa mtu wa Dodoma inaweza kumharibia kabisa mtu wa Tanga.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Ugogoni mlenda hukaushwa ukasagwa unga wa akiba, na Usukumani majani ya kunde huwa nsansa, viazi vitamu vikawa michembe na matobolwa. Njia hizo zimedumu kwa sababu huko kiangazi ni kirefu na hewa ni kavu. Mwenye jua kali lakini hewa yenye unyevu, kama ilivyo pwani sehemu kubwa ya mwaka, hawezi kuiga tu akategemea matokeo yaleyale.

Utapata kiasi gani

Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua kifaa chochote. Karoti ni maji kwa takriban asilimia 88, kitunguu 89, nyanya na selari hufika 94 hadi 95. Kilo moja ya mabaki mchanganyiko ikikauka hubaki gramu 80 hadi 120, yaani karibu kikombe kimoja cha unga. Na kilo ya mabaki haipatikani kwa siku: ukimenya kilo nzima ya karoti unapata maganda na vichwa vya gramu 100 hadi 150 tu.

Kwa hiyo kuna wanaokausha kidogo kidogo kila siku, na kuna wanaokusanya kwenye friza mpaka mfuko ujae. Jua na kikaushio cha sola vinafaa kundi la kwanza. Oveni na mashine vinafaa la pili, maana kuwasha umeme kwa konzi mbili za maganda ni hasara. Mabaki yaliyogandishwa hukauka upesi zaidi kwa sababu barafu hupasua seli zake, ila yakiyeyuka hutoa maji mengi na rangi hufifia. Yatandaze yakiwa bado magumu, usisubiri yalainike.

Njia tano kwa ufupi

| Njia | Joto | Muda, maganda membamba ya karoti | Mahali pake | Hatari kubwa |
|---|---|---|---|---|
| Jua wazi | Joto la hewa | Siku 2–3 | Bara, kiangazi | Umande, vumbi, inzi, rangi kupauka |
| Kikaushio cha sola | 45–60°C | Siku 1–2 | Pwani na bara | Matundu ya hewa kuziba |
| Oveni | 60–70°C | Saa 4–6 | Anayeoka mara kwa mara | Kuungua, gharama |
| Mashine ya umeme | 35–60°C | Saa 6–8 | Anayekausha kila wiki | Bei ya kununua, umeme kukatika |
| Kikaango kikavu | Haipimiki kwa urahisi | Dakika 10–15, kumalizia tu | Popote | Nje kuungua, ndani kubaki na maji |

Jua wazi

Jua halina gharama, na kwa mkazi wa Dodoma, Singida, Shinyanga au Machakos wakati wa kiangazi halihitaji mbadala. Tandaza tabaka moja kwenye ungo au wavu wa nailoni ulioinuliwa kutoka ardhini ili hewa ipite chini, funika kwa chandarua safi, geuza mara mbili tatu kwa siku. Saa kumi na moja jioni ingiza ndani, hata kama hakuna wingu. Ganda lililokauka mchana kutwa hunyonya umande usiku na kesho yake unaanza karibu upya. Kinachokauka kwa siku mbili kinakula siku nne, na hapo ndipo harufu ya kuchacha inapoanzia.

Mambo mawili yanayolipunguzia jua thamani. La kwanza, mwanga wenyewe huunguza rangi: karoti hupauka kwa kupoteza karotini, na majani hugeuka manjano. Majani yote yakaushwe kivulini penye upepo, au chini ya kitambaa cheusi chepesi. La pili, jua halifikii joto la kuua mayai ya wadudu. Mabaki yaliyokaushwa nje yakishakauka kabisa yafunge kwenye mfuko na uyaweke friza kwa saa 48, au oveni ya 70°C kwa dakika 30. Ukiruka hatua hii, mwezi wa pili utakuta utando na viwavi kwenye chupa.

Usitandaze kando ya barabara wala juu ya mabati yenye rangi au kutu. Vumbi la barabara halioshwi kwenye kitu kikavu, na unga hauchemshwi ukamwagwa maji yake.

Pwani, jua wazi ni bahati nasibu. Hewa ya 30°C yenye unyevu wa asilimia 80 imekaribia kushiba, ina nafasi ndogo ya kubeba maji ya maganda yako. Wakati wa masika na vuli usijaribu kabisa.

Kikaushio cha sola

Hapa ndipo mtu wa Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au Mtwara anapopata njia yake. Hewa ileile ya 30°C na unyevu wa asilimia 80 ukiipasha moto hadi 45°C, bila kuiongeza wala kuipunguza maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 35 hivi. Kutoka hewa inayokausha kwa shida unapata hewa yenye kiu. Kikaushio hakifanyi muujiza mwingine wowote zaidi ya huo.

Cha nyumbani ni sanduku la mbao la mita 1 kwa sentimita 60, lenye kina cha sentimita 25, ndani limepakwa rangi nyeusi isiyo na risasi na kuachwa likauke hadi harufu iishe. Juu weka kioo au nailoni angavu ya vitalu nyumba, ikiinama kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iteremke. Toboa matundu ya hewa upande wa chini, na mengine upande wa juu wa nyuma, yote yafunikwe kwa wavu wa mbu. Trei iwe ya wavu wa nailoni au chuma kisichoshika kutu. Wavu wa waya wa mabati usiguse chakula: asidi ya nyanya huvuta zinki.

Kosa la kila siku ni kuziba matundu ya juu kwa kudhani joto litaongezeka. Joto huongezeka kweli, lakini mvuke hauna pa kutokea. Ukiona matone yananing'inia chini ya kioo, hewa haitembei: panua matundu au punguza mzigo. Mita moja kwa sentimita 60 inabeba takriban kilo moja ya maganda membamba, si zaidi. Kwa kuwa mwanga bado unapita, majani ya kijani yafunike kitambaa humu pia.

Oveni

Oveni inashinda kwa haraka na inashindwa kwa gharama. Ya umeme ya wati 2,000, ikiwaka na kuzima yenyewe karibu nusu ya muda, kwa saa tano inakula takriban uniti 5. Zidisha kwa bei ya uniti kwenye luku au tokeni yako, kisha kumbuka kwamba unachopata ni kikombe kimoja cha unga. Kwa hesabu hiyo hatushauri kuiwasha kwa ajili ya mabaki peke yake.

Kinacholeta faida ni moto wa baki. Ukishatoa mkate au keki, zima, acha mlango wazi mpaka joto lishuke hadi 70–80°C, ingiza trei, kisha uache mlango umeegemea mwiko wa mbao ili pabaki mwanya wa sentimita 5 hadi 10. Mioto miwili au mitatu ya namna hiyo hukausha trei ya majani ya selari au liki bila hata senti ya ziada. Kati ya mioto mabaki yakae friza, si juu ya meza.

Oveni ya gesi ina tabu yake: nyingi haziwezi kushuka chini ya 120°C hata ukipunguza moto hadi mwisho. Kwa joto hilo sukari ya karoti na kitunguu huwa kahawia kisha chungu, na uchungu huo haufichiki kwa kiungo kingine. Hata kabla ya kuungua kuna hasara nyingine: ukianza na joto kubwa, nje hukauka na kujifunga kabla maji ya ndani hayajatoka. Kichwa cha karoti namna hii ukikigonga kinalia kikavu, ukikivunja katikati kina unyevu. Ndicho kinacholeta ukungu kwenye chupa nzima.

Mashine ya umeme ya kukaushia

Kwa ubora wa unga hakuna kinachoishinda. Unaweka 57°C kwa karoti, 60°C kwa nyanya, 35 hadi 40°C kwa majani, na feni inafanya kazi yake usiku na mchana, masika na kiangazi. Ya wati 350 ikifanya kazi saa nane haizidi uniti 2.8, na kwa kuwa inabeba trei tano au sita kwa mkupuo, unga wake ni wa bei nafuu kuliko wa oveni.

Angalia feni iko wapi. Ikiwa chini, trei za chini hukauka kwanza na lazima uzizungushe kila saa mbili; ikiwa nyuma, upepo unafikia trei zote karibu sawa. Vitunguu na saumu vikaushwe peke yao, maana harufu yake huingia kwenye kila kitu, na mashine ikae varandani au penye dirisha. Umeme ukikatika kwa saa moja au mbili endelea tu ukirudi. Ukikatika usiku kucha, mabaki bado laini, yatoe yapikwe supu asubuhi yakiwa hayajabadili harufu, la sivyo mwaga.

Mashine inalipa kwa anayekausha kila wiki, au anayeuza. Anayekausha mara moja kwa mwezi atengeneze kikaushio cha sola.

Kikaango

Wengi huanza kwa kikaango juu ya jiko la mkaa na kukata tamaa. Kikaango si cha kukaushia mabaki mabichi. Ni cha kumalizia yaliyokwisha kukauka kwa asilimia tisini lakini bado yanapinda. Subiri mkaa ufifie, weka kikaango kizito kikavu, koroga bila kuacha kwa dakika 10 hadi 15. Faida yake ni ladha ya kukaangwa ambayo maganda ya tangawizi na ncha za saumu huipenda sana. Maikrowevu tuiache: huunguza kwa madoa, na majani makavu yanaweza kushika moto.

Mabaki gani yanastahili kazi hii

Mboga ioshwe kabla ya kumenywa, si ganda baadaye. Sugua kwa brashi chini ya maji yanayotiririka, kata na kutupa kitako chenye mizizi, kisha menya. Ganda ndilo lililogusa udongo na dawa, na sasa unakwenda kulila. Mboga za bondeni zinazomwagiliwa maji ya mto mchafu maganda yake usiyatumie.

Maganda ya karoti ndiyo msingi wa unga: tamu, rangi nzuri, hayana kelele. Yachovye kwenye maji yanayochemka dakika moja hadi mbili, kisha maji baridi, ukaushe kwa kitambaa. Hatua hiyo huzima vimeng'enya vinavyoharibu rangi na harufu, na unga hubaki wa machungwa kwa miezi. Vitunguu, liki, uyoga na majani ya kiungo havichovywi, maana ladha inabaki kwenye maji.

Majani ya selari ni hazina. Harufu yake inabaki ikikauka, na ina chumvi kidogo ya asili. Dania (giligilani kwa wengine) ni kinyume chake: harufu yake hupotea karibu yote wakati wa kukauka, unabaki na unga wa kijani usio na la kusema. Kata mashina yake ndani ya kachumbari au yasage mabichi na pilipili. Sehemu ya kijani ya liki ni bora kuliko kitunguu chenyewe, ila lazima uipasue kwa urefu na kuosha mchanga uliojificha katikati.

Kwa kitunguu, tumia tabaka la pili lile gumu kidogo lenye nyama. Ganda la nje la karatasi liache: ni chungu, halisagiki, na mara nyingi lina unga mweusi ambao ni ukungu. Maganda ya saumu vivyo hivyo. Kausha ncha zenye nyama tu.

Nyanya na uyoga ndivyo vinavyoleta ule utamu wa mchuzi ulioiva, kwa sababu vina glutamati ya asili. Ni ladha ileile ambayo mkemia Kikunae Ikeda wa Japani aliitenga kutoka mwani mwaka 1908, na ndiyo inayotiwa kwenye mchuzi mix na vipande vya supu vya dukani. Ugumu wa nyanya ni sukari yake: unga wake hunyonya unyevu kuliko wote na kugeuka jiwe. Usage peke yake, uuweke kwenye chupa yake, uchanganye siku ya kupika. Ukitaka kuuchanganya mapema, tia kijiko kimoja cha chai cha wanga wa mahindi kwa kila nusu kikombe.

Visivyoingia kabisa ni maganda ya muhogo, kwa sababu ya sianidi, na maganda ya viazi mviringo yaliyoota kijani, kwa sababu ya solanini. Kukausha peke yake hakutoshi kuondoa sumu hizo. Kabichi, koliflawa na brokoli si sumu, lakini unga wake hunuka na kufunika kila kitu. Na kitu kilichoanza kuoza upande mmoja usikate ukakausha upande wa pili.

Kujua kama kimekauka

Acha kipoe kwanza, maana kitu cha moto hudanganya: kinapinda hata kama kimekauka. Kikishapoa, jani livunjike kama chipsi na ganda la karoti likatike kwa sauti. Kikipinda, rudisha.

Kisha, kabla ya kusaga, jaza chupa ya kioo hadi theluthi mbili, funga, tikisa kila siku kwa siku 7. Vipande vyenye unyevu kidogo hugawana na vikavu. Ukiona ukungu wa mvuke kwenye kioo, mwaga kwenye trei na kukausha tena siku hiyohiyo. Ukiona ukungu wa kuota, tupa vyote, usichambue. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu iliwafanya watu 317 waugue na kuua 125 kati yao huko Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Maganda ya karoti si mahindi, lakini hakuna sababu ya kula chochote kilichowahi kuota.

Kusaga na kuchanganya

Kinu na mchi vinatosha kwa majani, liki na uyoga. Karoti kavu ni ngumu mno, tumia blenda yenye kikombe cha viungo au mashine ya kahawa. Saga kwa sekunde 10, pumzisha, saga tena. Ukisaga mfululizo kikombe hupata moto na unga hugandamana. Ngoja dakika mbili kabla ya kufungua, vumbi litulie. Chekecha, na chenga zilizobaki zitie kwenye maharage yanayochemka.

Mchanganyiko unaofaa vyakula vingi, kwa vijiko vya chakula: karoti 4, liki au kitunguu 3, selari 1, uyoga 1, saumu nusu, tangawizi nusu. Nyanya 2 ziongezwe wakati wa kupika. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa kinatosha nusu lita ya mchuzi, kitiwe dakika 10 kabla ya kuepua ili nyuzi zilainike.

Mtu akibadilisha kipande cha supu cha dukani kwa unga huu, kwanza ataona chakula hakina ladha. Kwenye vipande vingi chumvi ndiyo inayoongoza orodha ya viambato, na ulimi unaitafuta. Tia chumvi kwa mkono, kwa kiasi unachokiona, ukijua kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku. Kuchanganya chumvi ndani ya chupa hatukupendi: chumvi yenye unyevu wa pwani huvuta maji, na huwezi tena kuongeza kiungo bila kuongeza chumvi.

Kama una friza ya kutegemewa na unachemsha supu kila wiki, unga si lazima. Mabaki mabichi yaliyogandishwa, yakichemshwa dakika 45 na kuchujwa, hutoa supu safi kuliko unga wowote. Unga ni wa asiye na friza, anayekatikiwa umeme, anayetuma kifurushi kwa mtoto aliye bweni, na anayetaka kukoleza sufuria ndogo kwa dakika kumi.

Hifadhi kwenye chupa ndogo za kioo zenye kifuniko kinachobana, kabatini mbali na jiko, na andika tarehe. Harufu inakaa vizuri miezi sita. Usimimine unga moja kwa moja juu ya sufuria inayotoa mvuke: mvuke hupanda hadi mdomo wa chupa, unga wa juu unashikana, na ukungu huanzia hapohapo chini ya kifuniko. Chota kwa kijiko kikavu, funga, ndipo urudi kwenye moto.